Jiko la peleti likikataa kuwaka, lisafishwe kwanza, na fundi awe karibu

BARUMBU, Tshopo – Jiko likikataa kuwaka saa kumi na mbili ya jioni, na watoto hawajala tangu asubuhi, hakuna mama atakayekaa kusoma karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Ataliweka pembeni, atarudi kwenye mbabula na makala, na kesho yake atamwambia jirani kwamba jiko lile jipya ni la bure. Jirani naye hatalitaka. Mradi mzima wa majiko unaweza kufia hapo, hata kama majiko yenyewe ni mazima.

Katika Tshopo watu wengi wanapika kwa kuni na makala. Jiko la peleti bado ni kitu cha kusikia kwa familia nyingi. Lakini mazungumzo juu ya majiko ya moshi kidogo yanarudi kila mara watu wanapokimbia na kukusanyika mahali pamoja, kwa sababu kuni za karibu zinaisha haraka na makala yanapanda bei. Tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioanzia upande wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, umefukuza familia nyingi kwenye vijiji vyao. Waliokuwa na shamba na kuni nyuma ya nyumba sasa wananunua makala kwa vifurushi vidogo vidogo, kila siku, kwa franka ambazo hawana.

Ndiyo maana jambo hili linafaa kuzungumzwa sasa, kabla gari lolote halijashusha majiko. Msaada wa jiko bila mafunzo ya kulisafisha, bila peleti kavu karibu na bila fundi wa kulitengeneza ni msaada wa nusu. Anayeleta jiko alete na hivyo vingine vitatu, au alete kitu kingine.

Mfano upo jirani, na Wakongo wenyewe walikuwemo. Kule Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma, kampuni iitwayo Inyenyeri iliyoanzishwa na Mmarekani Eric Reynolds ilikuwa inatengeneza peleti na kuziuza kwa familia za mjini. Jiko lenyewe halikuuzwa. Mteja aliazimwa, akafundishwa kulitumia, na likiharibika kampuni ililitengeneza au kulibadilisha. Familia za vijijini zilizokosa fedha ziliweza kuleta vijiti na kupewa peleti. Baadaye kazi hiyo ilifika kwenye kambi ya Kigeme, kusini mwa Rwanda, ambako wanaishi wakimbizi kutoka mashariki ya Congo tangu mwaka 2012. Jiko lililotumika zaidi ni Mimi Moto, la kampuni ya Uholanzi, lenye feni ndogo na batri inayochajiwa kwa jua.

Mwaka 2020 Inyenyeri ilifunga. Ilikosa fedha za kuendelea. Peleti zilipokoma, jiko zuri kuliko yote likabaki bati la kuwekea vitu. Na hata wakati kampuni ilikuwa inafanya kazi, familia nyingi ziliendelea kuweka mbabula ya makala pembeni, kwa sababu sufuria ni mbili na jiko ni moja, au kwa sababu peleti zimechelewa, au kwa sababu jiko limekataa kuwaka. Hayo ndiyo ya kujifunza kabla ya kurudia kazi ileile huku Tshopo.

Wapo wanaosema kwamba mama zetu hawapendi vitu vipya. Maneno hayo hayana ukweli. Mama hawa hawa wanatumia simu, wanatuma pesa kwa simu, wanawasha taa za sola usiku. Kitu kikifanya kazi wanakishika. Kikisumbua mara tatu wakati wa njaa, wanakiacha, na wana haki. Lawama isiende kwa mpishi kabla hajaonyeshwa jinsi chombo kinavyofanya kazi.

Na chombo chenyewe si kigumu. Peleti ni vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa mashine, unene wake kama milimita 6 au 8. Vinamiminwa ndani ya kopo la chuma lenye matundu chini na matundu mengine karibu na ukingo wa juu. Moto unawashwa juu, siyo chini kama kwenye kuni. Hewa kidogo inapita chini na kuzifanya peleti zitoe moshi wa joto. Hewa nyingine inaingia kwa matundu ya juu na kuuwasha moshi ule, hivyo mpishi anaona mwali safi badala ya moshi. Feni ndiyo inayosukuma hewa hizo mbili. Kwa hiyo jiko linahitaji vitu vitatu tu: hewa, peleti kavu, na moto wa kuanzia ulio juu. Likikataa kuwaka, kimoja kati ya hivyo kimekosekana.

Jambo la kwanza la kuangalia ni feni. Jiko likiwa tupu na baridi, swichi inafunguliwa, halafu kipande cha karatasi nyepesi kinashikwa juu ya kopo. Karatasi ikitikisika, hewa inapita. Isipotikisika, na sauti ya feni haisikiki, batri imeisha au waya umeachia. Kwenye mvua za huku, paneli ya sola inaweza kukaa siku nzima bila kupata jua la kutosha. Iwekwe mahali pa wazi, isiwe chini ya mti wala ukingo wa bati, na ipanguswe vumbi kwa kitambaa. Kama jiko lina tundu la kuchaji kwa umeme, kibanda cha kuchajia simu kinaweza kusaidia. Feni ikisikika lakini karatasi haitikisiki, hewa imezibwa mahali fulani.

Hapo linakuja jambo la pili, majivu. Matundu ya chini ya kopo ni madogo, na majivu yanayaziba polepole bila mpishi kuona. Wiki ya kwanza jiko linawaka vizuri, wiki ya pili linachelewa, wiki ya tatu linazima. Watu wanasema limekufa, kumbe limezibwa pua. Njiti moja ya fagio la ngazi inatosha kuzibua tundu moja moja. Matundu ya juu nayo yaangaliwe, maana masizi yanayaziba, na bila hewa ya juu moshi hauwaki. Upande wa chini wa jiko, pale feni inapovutia hewa, mara nyingi kunakutwa vumbi, nywele na wadudu. Jiko lililowekwa juu ya udongo linavuta udongo. Liwekwe juu ya tofali au jiwe bapa.

La tatu ni peleti zenyewe. Kisangani na mto wote wa huku ni nchi ya unyevu, mvua inanyesha karibu miezi yote, na kwa mwaka inapita milimita 1,600. Peleti inakunywa maji hayo kutoka kwenye hewa na kutoka kwenye sakafu ya udongo. Peleti kavu ikivunjwa kwa vidole inalia kama kijiti kikavu. Iliyolowa inavimba, inapoteza mng'ao na kubomoka kuwa unga. Iliyopata unyevu kidogo inaweza kuanikwa juani ikarudi. Iliyobomoka haifai tena kwa jiko hili, kwa sababu unga wake unaziba hewa kuliko majivu. Gunia halitoshi kuzitunza. Bidoni lenye mfuniko, lililoinuliwa juu ya mbao, linafaa zaidi.

Peleti nazo hazifanani. Za mbao safi zinaacha majivu machache, mara nyingi chini ya kilo 2 kwa kila kilo 100. Maganda ya mpunga yanaacha kilo 15 hadi 20. Jimbo hili lina mpunga mwingi, na bila shaka mtu atafikiri kutengeneza peleti za maganda yake. Wazo si baya, lakini jiko litahitaji kusafishwa kila linapowashwa, na mama aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza. Mbao zenye mchanga na magamba machafu nazo zinaacha majivu yanayoyeyuka na kuwa mawe magumu ndani ya kopo. Mawe hayo yatolewe, yasipigwe kwa nguvu mpaka kopo litoboke.

La nne ni namna ya kujaza na kuwasha. Peleti zisifikie matundu ya juu, zibaki chini yake kama upana wa kidole. Zikifunika matundu hayo, moshi utakuwa mwingi na mwali hautakuja. Juu yake vinawekwa vibanzi vyembamba vya mbao kavu au karatasi kidogo, ndipo moto unawashwa, feni ikiwa kwenye nguvu ya chini kabisa. Kosa linaloonekana sana ni kufungua feni kwa nguvu zote mara moja, na upepo ukaupuliza moto mdogo ukazima. Asubiri dakika moja au mbili, vibanzi vishike, peleti za juu ziwe nyekundu, ndipo aongeze polepole.

Mwali ukizima na moshi mweupe ukajaa, moshi ule ni mafuta ya jiko yanayopotea. Yakikutana na moto yanaweza kuruka kwa ghafla. Anayewasha tena asiinamishe uso juu ya kopo. Asogeze kijiti kirefu chenye moto kutoka pembeni, watoto wakiwa mbali. Na hapa lazima lisemwe jambo kwa nguvu: petroli ya taa au esansi isimiminwe kamwe ndani ya jiko lililozima likiwa bado na joto. Mvuke wake unashika moto kabla bidoni halijawekwa chini. Sashe za plastiki nazo si za kuwashia moto, moshi wake ni sumu kwa mtoto aliye mgongoni, na plastiki iliyoyeyuka inaziba matundu kwa namna ambayo njiti ya fagio haiwezi kuondoa.

Usafi wenyewe hauchukui muda mrefu. Kila baada ya kupika, jiko likiwa limepoa kabisa, majivu na makaa yaliyobaki yanamwagwa kwenye bakuli la chuma. Yasimwagwe kwenye ndoo ya plastiki wala karibu na majani makavu au turubai, kwa sababu kaa linaloonekana limekufa linaweza kubaki na moto ndani kwa masaa mengi. Kisha matundu ya chini yanaangaliwa kwa kushika kopo kuelekea kwenye mwanga. Mara moja kwa wiki yanazibuliwa yote, ukingo wa juu unakwanguliwa masizi, na sehemu ya feni inapanguswa kwa kitambaa kikavu. Maji hayaingii kwenye sehemu ya feni na batri, wala hayamiminwi kwenye chuma chenye moto, kwa sababu chuma kinapinda na kopo halikai tena sawa. Makala nayo yasitiwe ndani ya jiko la peleti. Yakipulizwa na feni yanatoa joto kali kuliko chuma kile kinavyoweza kuvumilia, na jiko linaungua kabla ya wakati wake.

Mwenye mbabula ya kawaida asifikiri kwamba haya hayamhusu. Mbabula nayo inakataa kuwaka kwa sababu zilezile. Majivu yamejaa chini ya wavu, makala yamelala kwenye unyevu, au mlango wa hewa umekandamizwa. Kuondoa majivu kabla ya kila moto kunapunguza muda wa kuwasha, na muda wa kuwasha ndio wenye moshi mwingi. Udongo wa ndani ukipasuka, uzibwe kwa udongo wa mfinyanzi mapema, kabla ufa haujawa tundu.

Kwa familia zinazoishi kwenye hema au chumba kimoja cha shule, kuna hatari kubwa kuliko jiko kuzima. Jiko lolote, liwe la peleti au la makala, lisiingizwe ndani usiku kwa ajili ya joto au kwa kuogopa mvua. Makala yanayowaka bila moshi yanatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Anayepata kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika akiwa karibu na moto wa ndani atolewe nje mara moja apate hewa safi, kisha apelekwe kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020, wakiwemo watoto wadogo wengi. Kwa hiyo jiko lenye mwali safi si anasa ya watu wa mradi. Linastahili kutunzwa vizuri lisije likaachwa.

Sasa, nani alipie mafunzo na mafundi? Mashirika mengi yanapenda kuhesabu majiko yaliyogawiwa, kwa sababu hesabu hiyo inapigwa picha siku moja. Mtu anaweza kuuliza kwa nini fedha za majiko 100 zitolewe kumlipa fundi wakati familia 100 nyingine zinasubiri. Swali ni la haki. Jibu ni kwamba jiko lililozima baada ya mwezi halikusaidia familia hata moja, na fedha zake zimepotea zote. Afadhali majiko machache yanayowaka mwaka mzima. Hesabu ya kweli ifanywe miezi sita baada ya kugawa: mangapi bado yanapika, na yaliyosimama yalisimama kwa sababu gani.

Mafundi hawahitaji kutafutwa mbali. Kila soko lina kijana anayetengeneza simu. Anajua kuunganisha waya, kupima batri na kubadilisha swichi. Kuna wahunzi na mafundi bati wanaotengeneza mbabula. Wawili kati yao wakifundishwa kwa siku chache na kuachiwa feni, batri na makopo ya akiba, tatizo la jiko linatatuliwa kabla ya chakula cha jioni. Kenya walilijua hili mapema. Jiko la udongo na bati lililoenea kule kuanzia miaka ya 1980 lilishikwa na mafundi wa jua kali, kama wale wa Shauri Moyo mjini Nairobi, wakalitengeneza, wakaliuza na kulikarabati wenyewe. Wafadhili walipoondoka, jiko lilibaki, kwa sababu lilikuwa na mtu wa kulirekebisha na kupata riziki kwalo.

Peleti nazo zitoke karibu. Kisangani ina viwanda vya mbao na maseremala, na unga wa mbao unarundikana na kuchomwa bure. Tatizo ni mashine na umeme wa kuiendesha, na mtu asidanganye kwamba kazi hiyo ni ya mikono. Kinachokandwa kwa mikono ni briketi, nazo zinafaa kwa mbabula, haziwaki vizuri ndani ya jiko la feni. Anayeahidi peleti aonyeshe kwanza mashine iko wapi, umeme unatoka wapi, na gunia litafika Barumbu kwa njia gani na kwa bei gani wakati barabara imeharibika na pirogi ndiyo usafiri. Asipokuwa na majibu, afadhali fedha ziende kwenye mbabula bora na kwenye miti ya kuni inayokua haraka, kama akasia zilizopandwa upande wa Yangambi.

Jambo la mwisho ni kuwauliza wapishi kabla ya kununua. Familia ya watu kumi inapika sufuria kubwa. Bugali unasongwa kwa nguvu ya mikono miwili, na jiko jembamba lenye miguu mifupi linaweza kupinduka na maji ya moto juu ya mtoto. Pondu inataka moto mdogo wa muda mrefu, na kopo la peleti linaisha kabla haijaiva, na kulijaza upya katikati ya kupika si kazi rahisi. Haya hayaonekani ofisini. Yanaonekana mama watano wakipewa jiko moja wapike nalo wiki mbili, kisha waseme ukweli bila kuogopa kwamba wakilikosoa watakosa msaada.

Viongozi wa kartieri, kamati za wakimbizi wa ndani na mashirika wana nafasi ya kuandika masharti hayo sasa. Jiko lolote litakaloletwa Barumbu lije na siku ya mafunzo kwa lugha ambayo watu wanaongea, Kiswahili na Lingala. Lije na vipuri, na fundi mwenye jina na mahali pake sokoni. Mama mmoja katika kila kundi la familia afundishwe kabisa, ili jioni jiko la jirani likizima, aje na njiti ya fagio na kitambaa kikavu, aangalie feni, majivu na peleti kwa utaratibu, na sufuria irudi juu ya moto kabla watoto hawajalala.